Divai ya Padre Ivo

Samaki wa mapadre walinuswa na Swaumu. Spesioza aliinama juu ya boksi la barafu, akamgeuza kuhe huku na huku, akambonyeza ubavu, akamfunua mashavu kuona kama bado ni mekundu, kisha akamkabidhi Swaumu. Swaumu alimsogeza puani, akavuta pumzi, akamrudisha kwenye barafu.

"Huyu hapana, shoga yangu. Huyu basi lilimchelewesha njiani. Chukua yule wa chini."

Walifanya hivyo kila wiki, na waliokuwa wakipita sokoni walidhani ni utani wa wanawake wawili waliozoeana. Hakukuwa na utani. Spesioza Inamahoro, mpishi wa nyumba ya mapadre wazee, hakuwa na uwezo wa kunusa. Uwezo huo uliondolewa na ile homa ya mafua makali, mwaka ule watu walipokuwa wakijifukiza nyungu mchana na usiku. Wengi walipoteza harufu siku zile, na karibu wote wakarudishiwa. Yeye hakurudishiwa. Ulimi wake ulibaki unajua chumvi, uchachu, sukari, uchungu na ukali wa pilipili, basi. Kitunguu kinachoiva na kitunguu kinachoungua vilikuwa kwake kitu kimoja. Siku moja mtungi wa gesi ulivuja asubuhi nzima akiwa jikoni humo humo anachambua mchele, mpaka mtunza bustani alipopita dirishani na kupiga kelele.

Aliyejua habari hiyo ni Swaumu peke yake. Alikuwa mwanamke wa mjini, wa ukoo uliokuwapo Tabora tangu enzi za misafara, naye aliuza samaki wa Kigoma kama marehemu mumewe alivyouza. Hakumhurumia Spesioza kwa maneno. Alimnusia samaki, akamfungia, akamwambia akapumzishe magoti.

Magoti yalikuwa yanauma kweli. Spesioza alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walipokuwa wameingia juzi tu kutoka Burundi na mikeka kichwani, na alikuja mjini kufanya kazi za ndani akiwa bado msichana. Akaingia jikoni kwa mapadre kuosha sufuria, akabaki humo. Alimzalia mume wake mtoto mmoja, Fideli, akamzika mume huyo, akamsomesha Fideli, na muda wote huo alisimama mbele ya jiko lile lile. Sasa Fideli alikuwa mtu mzima mwenye shamba la tumbaku na mke, na kila alipopiga simu alisema jambo moja.

"Mama, umepika vya kutosha. Rudi nyumbani."

"Baada ya Pasaka," alijibu Spesioza. Pasaka ikipita, alisema baada ya Noeli.

Kilichomzuia hakikuwa jiko. Alikuwa Padre Ivo.

Padre Ivo alikuwa Mfaransa, mzee mrefu aliyepinda, mwenye Kinyamwezi kizuri kuliko cha vijana wengi waliozaliwa Tabora. Alikuja akiwa kijana, akazunguka parokia za huko porini kwa pikipiki mpaka mgongo ukakataa, ndipo akaletwa kwenye nyumba ya wazee. Kwao ni karibu na mji wa Nantes, mahali mto Loire unapokaribia bahari, na baba yake alikuwa mkulima wa mizabibu. Walitengeneza divai nyeupe iitwayo Muscadet. Jikoni iliitwa Maskade, na Padre Ivo hakumsahihisha mtu.

Ni yeye aliyemfundisha Spesioza kuihudumia divai hiyo, zamani, alipokuwa bado na pua. Chupa zilikuwa adimu. Ilipita hata miaka miwili kabla ya mgeni kuleta moja ndani ya begi, imeviringishwa kwenye soksi. Siku zile friji haikuwapo, kwa hiyo chupa ilivikwa gunia lililolowa na kuwekwa kivulini upepo unapopita, kwa sababu divai hiyo ikinywewa vuguvugu haina maana yoyote. Padre Ivo alimmiminia Spesioza kidogo kwenye glasi, akasema, "Onja kwanza. Huwezi kuipikia divai usiyoijua."

Alionja, akakunja uso. Ilikuwa kavu, chachu, haina sukari hata chembe. Lakini nyuma ya uchachu palikuwa na kitu kingine, kama maji ya ziwa yaliyopita kwenye mawe, na kama tufaha bichi linapokatwa.

"Inalala juu ya mashapo yake kipindi chote cha baridi," Padre Ivo alimweleza. "Hatuichuji haraka. Mashapo ndiyo yanayoipa mwili."

"Kama pombe ya ndizi ya mama yangu," alisema Spesioza, na Padre akacheka, akasema ndiyo, karibu hivyo.

Kisha wakaanza kuitafutia chakula. Kwao Nantes divai hiyo hunywewa pamoja na chaza na kome, chaza wenyewe wakiwa wabichi wamekamuliwa ndimu. Spesioza aliposikia habari ya chaza wabichi alishika kinywa. Tabora hakuna chaza. Wakajaribu mchuzi wa mbuzi, divai ikapotea kama maji. Wakajaribu kuku wa pilipili, ikawa kama kumwaga petroli motoni. Mara moja Padre alilamba asali ya miombo kabla ya kunywa, na divai ikageuka siki kinywani mwake, akaitema dirishani. Uyoga wa mwanzo wa mvua, ukikaangwa kwa siagi na chumvi ya Uvinza, ulikubaliana nayo. Dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakawa wakavu wa kuvunjika, na ndimu juu, walikubaliana nayo sana, hata Padre Ivo akasema dagaa hao wangewatia wivu watu wa kijijini kwao.

Lakini chakula chenyewe kilikuwa kuhe. Samaki huyu wa Tanganyika ana nyama nyeupe, nene, isiyo na makelele. Spesioza alimchemsha taratibu, kisha akamtengenezea mchuzi wa siagi ambao Padre alimwelekeza akiwa amesimama nyuma yake: vitunguu vidogo vyekundu vinakatwa vidogo kabisa, vinapikwa kwenye siki mpaka siki ikaribie kukauka, halafu siagi baridi inatiwa kipande kwa kipande huku mkono haupumziki. Vitunguu visishike rangi. Moto ukizidi, kila kitu kimeharibika. Mara ya kwanza uliharibika, na mara ya pili pia. Mara ya tatu Padre Ivo alikula mpaka akafuta sahani kwa mkate, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Tangu hapo ikawa desturi. Chupa ikija, Spesioza anasimama mlangoni mwa chumba cha kulia, anapewa glasi yenye funda moja, na Padre anauliza, "Mama Fideli, unasemaje?" Naye anasema anachokionja. Walikuwa watu wawili tu katika nyumba ile waliokuwa wakizungumza lugha hiyo.

Basi mwaka huu, mwezi wa tano, mtawa mmoja aliyetoka likizo Ulaya alileta chupa. Sikukuu ya somo wa Padre Ivo, mtakatifu mwenye jina lake, iliangukia wiki hiyo hiyo. Padre alikuja mwenyewe jikoni kutoa habari, akijikokota na fimbo.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Fideli."

"Milele amina, Padre. Shikamoo."

"Marahaba. Maskade imefika. Tutakula kuhe?"

"Tutakula kuhe, Padre," alijibu Spesioza, akageukia sufuria ili asionekane uso.

Alimweleza Swaumu kesho yake sokoni. Swaumu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Hivi hiyo divai ina nini hasa?" aliuliza. "Mimi si mambo yangu hayo, nauliza kama mpishi tu."

"Ni kama ndimu. Ndimu iliyolala na chumvi."

"Basi mtilie ndimu, mle, mlale."

Spesioza alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nimechoka, shoga yangu. Kila sufuria ninayoinjika naogopa. Nasimama juu yake natazama rangi kama mganga. Nasikiliza mafuta yanavyolia. Sikumbuki mara ya mwisho nilipopika nikiimba."

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Mzee yule hana mtu wa kuzungumza naye habari za kwao isipokuwa mimi. Nikimwambia sisikii chochote, atabaki na nani?"

Swaumu alimchagulia kuhe mzuri kuliko wote, akamnusa mara mbili, akamfunga.

Siku ya sikukuu Spesioza alikaanga dagaa kwanza. Hao hawakumsumbua, kwa kuwa dagaa wakiwa tayari husikika. Kuhe naye alichemka vizuri, nyama ikafunguka mahali pake. Vitunguu ndivyo vilivyomshinda. Alivitia kwenye siki, akapunguza moto, na wakati huo mtunza bustani akabisha hodi kuulizia ufunguo wa stoo. Alikwenda, akarudi. Siki ilikuwa imekauka. Alitazama vitunguu karibu na dirisha, akaona kama vina wekundu kidogo pembeni, lakini vitunguu vyenyewe ni vyekundu. Alivisogeza puani kwa mazoea tu. Hakuna. Muda wa kuanza upya haukuwapo, Misa ilikuwa imekwisha na viti vinavutwa. Akatia siagi, akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Kwa macho, mchuzi ulikuwa mzuri, mweupe, mzito.

Mezani alikuwapo Padre Ivo peke yake kwanza. Padre Bernardo, kijana wa Nzega aliyekuwa mkuu wa nyumba, alikuwa amezuiwa na watu nje ya kanisa. Padre Ivo hakutaka kungoja. Alizungusha kizibuo, akamimina kwenye glasi mbili, akampa Spesioza yake.

"Mama Fideli, unasemaje?"

Spesioza alikunywa. Baridi, na uchachu. Zaidi ya hapo palikuwa ukuta.

"Maji ya ziwa, Padre," alisema. "Na mawe."

Padre Ivo alifumba macho, akanywa, akakaa nayo kinywani muda mrefu.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo hasa. Na tufaha bichi linakuja nyuma." Akaonja samaki. "Na mchuzi huu. Hujawahi kuupata hivi. Umekamilika."

Spesioza alishusha pumzi. Alikuwa anageuka arudi jikoni Padre Bernardo alipoingia akiomba radhi, akaketi, akamiminiwa. Padre Bernardo alikuwa amesoma miaka kadhaa Italia na alijua divai kiasi chake. Aliinua glasi, akaifikisha puani, akaishusha. Akaiinua tena.

"Padre, samahani. Umeinusa hii?"

"Nimeinusa. Kwa nini?"

"Imeharibika. Kizibo kimeingia ukungu. Inanuka..." alitafuta neno, "inanuka boksi lililonyeshewa."

Padre Bernardo, pengine kwa kutaka kuipoza hali, alikata kipande cha samaki, akakichovya kwenye mchuzi, akatia kinywani. Alitafuna polepole. Kisha, bila kumtazama mtu, akausogeza mchuzi pembeni ya sahani kwa kisu, akaendelea kula samaki mtupu.

Padre Ivo alikiona kisu kile. Aliitazama glasi yake. Halafu akainua macho akamtazama Spesioza mlangoni, naye Spesioza akayainamisha yake.

"Samaki ni mzuri," alisema mzee, kwa sauti ndogo. Walimaliza kula wakizungumzia bei ya mbolea huko vijijini.

Asubuhi yake, baada ya Misa, fimbo ilisikika korido nzima mpaka jikoni. Padre Ivo alivuta kigoda akaketi karibu na dirisha. Spesioza alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua.

"Mama Fideli. Jana uliniambia maji ya ziwa na mawe."

"Ndiyo, Padre."

"Uliyaonja?"

Maharage yaligonga sinia moja moja. Spesioza alikuwa na uongo tayari mdomoni, akachoka hata kuutoa.

"Niliyakumbuka," alisema.

Mzee alitikisa kichwa muda mrefu. "Na mimi nililikumbuka lile tufaha."

Spesioza aliacha sinia.

"Kwangu harufu ilikwenda taratibu," Padre Ivo alisema. "Kwanza kahawa. Nikadhani mmebadilisha kahawa. Kisha siku moja altareni moshi wa ubani ukanipiga usoni, nikaona ni moshi tu. Ni uzee. Sikusema, maana wakubwa wangu wakisikia mwili unazima kipande kwa kipande watanirudisha Ulaya. Wewe pia nilikuficha. Nilijua ukiniona sili kwa furaha utahuzunika."

"Kwa hiyo ulikuwa unanisifia..."

"Kila siku."

"Hata ile siku wali ulipoungua?"

"Wali uliungua lini?"

Spesioza alijifunika uso kwa kanga. Mabega yalianza kutikisika, na Padre Ivo hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoiondoa, na hata hapo haikuwa wazi sana. Alimsimulia yote: homa, gesi, Swaumu na samaki. Alisema kwamba kila mlo aliupika kwa woga, kwamba alikaa nyumba ile kwa ajili yake, kwamba Fideli alikuwa anamwita kila mwezi.

Padre Bernardo alipita kuchukua chai, akawakuta hivyo. Walimwambia. Aliegemea mlango, kijana wa watu, akajikuna shingo.

"Lakini wewe una pua," Spesioza alimgeukia. "Ulikuwa unakulaje siku zote hizi?"

"Mama, niseme ukweli?"

"Sema."

"Chipsi mayai. Pale Gongoni kuna kijiwe. Nilikuwa naona mzee anasifia, wewe unafurahi, nikasema mimi ni nani?"

Padre Ivo alicheka mpaka akakohoa, ikabidi apigwe mgongoni. Kisha kicheko kikaisha, na wote watatu walionekana kama watu waliobeba mzigo mbali na kuutua mahali ambapo si nyumbani.

"Nimechoka, Padre," Spesioza alisema.

"Najua. Nami nimechoka." Alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nenda kwa mwanao. Usingoje Noeli."

Mpishi mpya alitoka Goweko, dada mmoja mchangamfu aitwaye Jeska. Spesioza alikaa naye wiki chache kumwonyesha nyumba, na siku ya mwisho akamfundisha ule mchuzi wa siagi, japokuwa chupa nyingine haikutarajiwa na hakuna aliyejua kama ingekuja. Alimwambia asiipe divai ile nyama nzito wala pilipili, na asali aiweke mbali kabisa. Dagaa, ndiyo. Uyoga, ndiyo.

"Na vitunguu vikianza kuharibika, harufu yake inakuwaje?" aliuliza Jeska.

Spesioza alifungua mdomo amweleze. Alitafuta, akakuta hata kumbukumbu yenyewe haipo tena mahali alipoiacha.

"Wewe ndiye mwenye pua," alimwambia. "Utajua."

Swaumu alimsindikiza stendi na mfuko wa dagaa wakavu. Alimrekebishia kanga begani, akasema atakuja Ulyankulu kumtembelea, na wote wawili walijua biashara ya samaki haimpi mtu likizo.

Mwezi wa tisa Padre Bernardo alipiga simu. Wakubwa walikuwa wameamua. Padre Ivo amerudishwa kwao, anaishi na mapadre wazee wenzake si mbali na Nantes. Alikuwa ameondoka kimya, akiaga kila mtu kwa Kinyamwezi. Spesioza aliuliza kama anakula. Padre Bernardo alisema anaambiwa anakula kidogo.

Siku hiyo Irambona, mke wa Fideli, alikuwa ameivisha maharage na ndizi kwa mawese. Alimpakulia mkwewe kwanza, akakaa kando yake kwenye mkeka, mwenye wasiwasi kidogo kama kila siku, kwa kuwa alikuwa amesimuliwa sifa nyingi za mama huyu aliyewapikia Wazungu.

"Vipi, mama? Kimekolea?"

Spesioza alitafuna, akameza. Nje majirani walikuwa wanateremka na matoroli ya kuni za kukaushia tumbaku.

"Chumvi imetosha," alisema. "Mengine sijui, mwanangu. Siku hizi sisikii harufu."

Irambona alimtazama, kisha akamwongezea kipande cha ndizi. Spesioza alikula chote. Alipomaliza alinawa, akajinyoosha pale pale mkekani kichwa kikielekea ukutani, na mkwewe akaondoa vyombo taratibu asimwamshe.